Mkasi wa Shingoni

Chuo chetu cha ufundi kilipoanza, darasa la ushonaji lilikuwa na cherehani mbili na mkasi mmoja. Ili usipotee, mwalimu wetu aliufunga kamba akauvaa shingoni. Mwanafunzi akitaka kukata kitambaa, ilibidi mwalimu ainame naye mezani. Tukamwita Mama Mkasi.

Miaka kumi ikapita, nami nikarudi darasani kuwa msaidizi wake. Majengo yaliongezeka, cherehani zikafika arobaini, kila mwanafunzi akawa na mkasi wake. Mama Mkasi hakuuvua wake, na nani angemwambia auvue?

Jana mchana, katikati ya somo, alijipapasa shingoni akashtuka.

“Jamani, mkasi nimeusahau nyumbani. Tangu asubuhi hamkuniambia?”

“Hakuna aliyeuhitaji, Mama,” nikamjibu.

Akakaa, akashusha pumzi.

“Afadhali. Shingo imeniuma miaka yote hii.”