Utomvu Kwenye Kipanya

Hapa Nyaishozi nina wateja watatu, na hakuna hata mmoja anayeijua vizuri sura yangu. Mfanyabiashara wa kahawa wa Bukoba namwandalia hesabu zake. Shule moja ya sekondari naichapia mitihani. Wa tatu ni ofisi ya Dar es Salaam ninayoisahihishia ripoti, na hao ndio walionitaka niweke programu ya kupima muda kwenye kompyuta. Haingoji kuambiwa. Nikifungua faili la kahawa, dakika zinakwenda kwa mtu wa kahawa. Nikifungua mtihani, zinakwenda shule. Mkono ukitulia kidogo tu, kioo kinafifia na swali linatokea: bado upo?

Swali hilo lilinichosha kuliko kazi yenyewe. Ofisi ya Dar ilikuwa imeshaniambia kwamba nasimamasimama mno, na kwamba mwisho wa mwezi wataamua kama waendelee na mimi au watafute mwingine. Basi nikawa naacha chakula mdomoni, nakimbilia kompyuta, nakisukuma kipanya, narudi kula. Mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye, alikuwa akinitazama tu. Yeye maisha yake yote ni kibanjani, kwenye migomba na mibuni, na kwake mtu aliyeketi amepumzika. Siku moja akaniuliza, "Mwanangu, hicho kitu kikilala, unafukuzwa?"

"Ndiyo, mama," nikamjibu, maana sikuwa na nguvu ya kueleza zaidi.

Wiki ya mwisho ya mwezi homa ikaniangusha. Asubuhi nilifungua ripoti ya Dar, nikasoma mistari miwili, herufi zikaanza kucheza. Nikaenda kujitupa kitandani bila kuzima chochote. Nilipoamka jua lilikuwa linakaribia kuzama. Sebuleni nilimkuta mama mkwe kwenye kiti changu, beseni la ndizi mapajani, anamenya. Kila akimaliza moja alinyoosha mkono, akakisukuma kipanya huku na huku, kisha akachukua nyingine.

"Nimekuchungia," akasema. "Hakijalala hata mara moja."

Nikasogea, nikatazama kioo. Programu ilikuwa imeandika siku nzima kwa jina la mteja wa Dar, bila pengo, siku yangu bora tangu nianze. Na ujumbe wao ulikuwa umeshaingia: leo umejitahidi sana, endelea hivyo hivyo. Kwenye ripoti yenyewe hakuna hata nukta iliyosogezwa.

Nilitamani kuiacha ilivyo, sidanganyi. Nilikuwa mgonjwa, na kazi niliihitaji. Lakini ningewaibia kwa mkono wa mama wa watu, na yeye hajui. Nikafuta saa zote, nikawaandikia kwamba niliumwa na muda ule haukuwa wa kazi.

Mama mkwe aliuona mstari wa kijani ulioonyesha saa zile ukitoweka. "Mbona unautoa?"

"Hawalipi kukisogeza, mama. Wanalipa kusoma."

Akalitazama beseni, akavitazama vidole vyake vilivyokuwa vyeusi kwa utomvu. "Kwa hiyo nimekaa bure? Na mimi sijainuka hapa tangu asubuhi."

Nikamwambia hakukaa bure. Hakuniamini, akabeba ndizi zake kwenda jikoni, na mimi nikakaa pale nikalia kwa uchovu.

Ofisi ilinishukuru kwa kusema ukweli, na mwezi uliofuata kazi yao ikaenda kwa mtu mwingine. Nimebaki na kahawa na mitihani. Programu sikuiondoa, kwa sababu mtu wa kahawa naye ameshaizoea.

Kipanya bado kinanata. Utomvu wa ndizi hautoki kwa maji. Jana mchana mgongo ulikataa, nikajilaza. Mara nikasikia kiti kikivutwa mezani.

"Acha kilale, mama," nikasema kutoka chumbani.

"Lala wewe," akajibu.

Kipanya kikaanza kusuguliwa mezani, taratibu. Nikageukia ukutani, nikijua jioni nitaifuta tena siku yake.