Mwenzako Akinadi Pau Mbili

Yule bwana wa Mwanza, mnunuzi wa nguo niliyewahi kuwasimulia ukorofi wake, amekufa. Amechomwa mkasi wa kukatia vitambaa huko Kangle, mtaa wa karakana za nguo katika mji huu wa Wachina tunakofanyia biashara. Watu wananipa pole nami sijui niijibuje, maana nimejaa hasira kuliko machozi.

Tulikuwa wanne, tukicheza bridji kila Jumapili katika mgahawa mmoja wa barabara ya Huanshi Zhonglu, wawili kwa wawili. Mwenza wake alikuwa Mzanzibari mpole, msafirishaji wa simu. Asiyeujua mchezo huu ajue kwamba kabla ya karata kuchezwa kuna mnada, na madau mengine hayamaanishi yanachosema. Ukifungua kwa pau mbili, huenda huna karata za pau za maana. Unamwambia mwenzako kwamba mkono wako ni mzito mno, na kwamba yeye, hata akiwa ameshika takataka, haruhusiwi kusema pasi. Basi siku moja bwana wa Mwanza alifungua pau mbili. Mzanzibari akatazama mkono wake mbovu, akasema, "Pasi." Loo! Birika la chai liliruka mezani, likampata mdomoni, jino likang'oka na damu ikatapakaa juu ya karata.

"Nakuita, unanyamaza!" alinguruma. "Umeniacha peke yangu!"

"Sikuwa na kitu, ndugu yangu," Mzanzibari akajibu, leso mdomoni.

"Nani kakuuliza una nini? We itika tu!"

Jumapili iliyofuata walikaa tena uso kwa uso, mmoja na pengo, mwingine na aibu. Mimi lile birika sikumsamehe.

Wiki iliyopita walevi wawili walimvamia Mzanzibari katika kichochoro cha Kangle, wakitaka mkokoteni wake wa mizigo. Walimwangusha, wakampiga mateke ya mbavu. Anasema alipomwona mwenzake mlangoni mwa karakana, neno lililomtoka ni "Pau mbili!" Dada mmoja wa Dar alimshika yule bwana shati: "Kaka, buyao, usiende! Achana nao, wana mkasi!" Akajichomoa. Aliingia mikono mitupu, akamvunja mmoja pua, na mkasi wa mwingine ukamwingia shingoni.

Alikuwa mkorofi, sitamsafisha leo kwa kuwa amekufa. Lakini wapole tumejaa mji huu, na mtu akituita tunapiga kwanza hesabu ya tulichoshika, kisha tunasema pasi. Jumapili hii Mzanzibari alikaa mbele ya kiti kitupu, mbavu zimefungwa bendeji, akilia bila kujificha. Mwenzako akikuita, usitazame karata zako. Itika.