Picha Niliyoinywa

Harufu ya zafarani iliyoloweshwa kwa marashi ya waridi hunitia wivu mpaka leo. Ndiyo harufu ya chumba cha bibi yangu, kisiwani Pate, msimu ule nilipokuwa na miaka tisa. Bibi alikuwa mganga wa majani na wa kombe: huandika aya kwa zafarani ndani ya sahani nyeupe, akaisuuza kwa marashi, mgonjwa akanywa, maneno yakamwingia mwilini. Na kabla ya kuchuma jani lolote kwenye mikoko, huugonga mti mara tatu kwa kidole, akauambia jambo kwa sauti ya chini. Maneno hayo niliyataka kuliko nguo ya Idi. Kila nikimwomba, jibu lake moja: "Ilimu ina ndia yake. Ngoja ukue."

Basi akaja Bi Mei, mchoraji kutoka Uchina, Kiswahili chake cha kubahatisha, akapanga chumba kwetu. Alituambia kwamba kwao kaskazini bibi yake alikuwa akipiga ngoma na kusema na miti na dubu kwa ajili ya wagonjwa, akafa bila kumfundisha mtu; sasa yeye huzunguka akiwachora wale ambao bado wanajua kusema na pori. Bibi akampenda papo hapo. Siku ya tano tu akampeleka mikokoni, mimi nyuma nimebeba kapu. Nikaona anamnong'oneza maneno yale, Bi Mei anayarudia, wote wawili wanacheka. Siku tano! Mimi miaka tisa! Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wallahi mimi sikupona, niliungua.

Bi Mei akachora picha kubwa kama mkeka, kwa zafarani ya Bibi mwenyewe: Bibi amesimama, miguu yake ni mizizi ya mkoko, kaa wamempanda hadi magotini, na mdomoni yanamtoka majani. Nikaitazama, nikajiambia, ikiwa aya za kombe huingia kwa kunywewa, basi na maneno yangu yamo humu. Walipojilaza baada ya adhuhuri, niliitandika karatasi juu ya sinia, nikaimwagia chupa nzima ya marashi, nikayanywa yale maji ya manjano mpaka tone la mwisho. Nilitapika hadi alasiri. Bibi aliinua mkono anipige, Bi Mei akaudaka. "Mwache, Bibi," alisema huku analia. "Ameiamini picha yangu." Hata kipigo changu alikiingilia kati.

Bibi alifariki kabla sijakua vya kutosha. Mwaka huu nimeiona karatasi ile kwenye simu, imetundikwa katika ukumbi wa maonyesho huko kwao Bi Mei, haina kitu ila doa la manjano, na watu wamesimama mbele yake kimya kama wako msibani. Nikaumeza wivu, mchungu kuliko yale marashi, nikamwandikia Bi Mei anifundishe maneno ya bibi yangu mwenyewe. Alinitumia siku hiyo hiyo kwa sauti yake. Siyaandiki hapa, ni yangu. Jana nilikwenda mikokoni, nikagonga mara tatu, nikayasema, nikajisikia nikiyatamka kwa lafudhi ya Kichina. Nikayarudia taratibu, nikiitafuta sauti ya Bibi. Haikuja. Nikachuma hivyo hivyo.