Mbegu Alizotoa Kadidja

Mimi nilimjua Kadidja akicheka. Nalisema hilo mapema kwa sababu wasichana wa siku hizi hapa Gatete hawaniamini. Wao wanamjua mama mmoja mkimya, mtandio umeshuka hadi kwenye nyusi, anayepita njiani haraka kama mtu aliyeacha chungu motoni. Uongo mbaya, hata mimi ningemwona leo kwa mara ya kwanza ningesema vilevile.

Tuliporudi kutoka kambi za wakimbizi za Tanzania, mimi na yaya Domitille, dada yangu mkubwa, tulikuta shamba la baba limekuwa pori. Majirani walituangalia kwa jicho la pembeni, kila mmoja akiufikiria mpaka wake. Kadidja alikuja na birika la chai. Alikuwa Mwislamu mzaliwa wa Rumonge, mke wa mvuvi, na baba yake alikuwa mkamuaji wa mawese aliyejulikana hadi Nyanza-Lac.

"Amahoro, karibuni," alisema. "Mimi ni Mama Jamali. Munakunywa na sukari ao bila?"

Hakutuuliza karatasi ya shamba wala tulikimbia mwaka gani. Nilimpenda siku ileile.

Kwa habari ya michikichi, mama yule alikuwa na mkono. Alichukua chikichi ya kienyeji, akaikata katikati kwa kisu, akatuonyesha: nyama kidogo, na kokwa lenye ganda nene la kuvunja meno. Kisha akakata ya mti wa marehemu baba yake. Hiyo ganda lilikuwa jembamba na nyama ilijaa mafuta. Miti yote iliyouzunguka mti ule ilikuwa ya aina hiyohiyo, maana mzee alichagua, hakupanda ovyo. Kadidja akatupa mbegu kutoka kwenye mti ule, wala si kutoka mwingine.

"Ukimupa mutu mbegu," alisema, "umupe ya muti unaoupenda."

Nani hapa pwani ya ziwa angefanya vingine? Kwetu mbegu nzuri hutafutwa kwenye mti mzuri, basi.

Miaka ile ilikuwa mitamu, jamani. Kitalu kilikuwa kimoja, nyuma ya nyumba ya Kadidja. Tulimwagilia sote watatu, tukisengenya wanaume, wao wakidhani tunaongea kilimo. Siku za kukamua mawese tuliamka mapema kuchemsha chikichi kwenye pipa, na mafuta ya kwanza yakitoka, yana povu bado, Kadidja alikaanga ndagala, dagaa wa ziwani, palepale tukala tumesimama. Mwezi wa Ramadhani sahani yake ilikuja kwetu, Noeli yetu ikaenda kwake. Leo nikisikia harufu ile ya mawese mapya, moyo unauma, sifichi.

Miche ilipokomaa, Kadidja alimwachia yaya karibu yote, kwa kuwa sisi ndio tulioanza na mikono mitupu. Yeye alibaki na mitatu, tena minyonge, akaipanda kando ya ua. Ya Domitille ilijaa shamba zima. Watu walisimama njiani kuiangalia.

Ikafika miaka ya kuzaa. Ile mitatu ya Kadidja ilibeba. Ya yaya mingi ilibeba pia, lakini mingine hapana. Na hiyo mingine ndiyo iliyokuwa mizuri kuliko yote, mirefu, yenye majani ya kijani kibichi, yenye maua mengi kushinda wenzake. Mashada yalitokeza, yakawa meusi, yakaoza kabla ya kuiva. Mwaka wa kwanza tukasema jua. Mwaka wa pili tukasema panya. Mwaka wa tatu watu wakaanza kutusemea, na midomo ya Gatete haina likizo.

Yaya Domitille ana moyo mzuri, lakini kichwa chake kinachemka upesi. Asubuhi moja, pale penye presi ya kukamulia mawese, mbele ya watu wote, akamgeukia mwenzake.

"Mama Jamali, nielezee. Yako yote iko inazaa, yangu inaoza. Mbegu ile ulinipa na roho gani?"

Hakutamka neno uchawi. Hakuhitaji. Kadidja akaokota ndoo yake, akaenda. Mimi nilimkasirikia yeye kuliko dada yangu. Mtu anasingiziwa, anyamaze kwa nini? Kwetu aliyenyamaza amekubali, na watu walielewa hivyo. Ramadhani iliyofuata sahani yake ilikuja kama kawaida. Yaya akairudisha na kawa lake, haijaguswa. Ikawa mwisho. Nyumba mbili, ua mmoja katikati, na kimya kilichokua hadi watoto wetu wakaoa.

Mwaka huu akaja Chanceline, msichana wa chuo kikuu kule Bujumbura. Alikuwa anapita kando ya ziwa kuanzia Gitaza, akikata chikichi za kila shamba ili ajue aina zilizobaki kabla ya zile za zamani kupotea. Mimi na yaya tulimtembeza. Tulipofika kwenye miti ile mizuri yaya akamwambia, "Hizo ruka. Zililogwa."

Msichana akacheka, kisha akaona uso wa yaya, akaacha. Alituketisha chini, akatuuliza habari yote ya mbegu zile, kisha akatueleza pole pole. Ule wa ganda jembamba, alisema, ni mtoto wa wazazi wawili: mmoja wa ganda nene, mwingine asiye na ganda kabisa. Wa ganda jembamba ukizaana na wa ganda jembamba, kama shamba la yule mzee lilivyokuwa, katika watoto wanne kama mmoja hivi hutoka bila ganda. Huyo hutoa maua mengi, lakini matunda yake kwa kawaida huoza mapema.

"Ni damu ya muti, mama. Hakuna mutu aliyefanya kitu. Na ile mitatu ya jirani yenu ilikuwa bahati tu."

Yaya alikaa pale chini kama aliyepigwa. "Nimemumaliza mutu bure," alisema. Nikamwambia basi simama twende, maana ukiingoja aibu iishe utazikwa nayo. Tukaenda sote watatu.

Kadidja alikuwa uani anachambua mchele. Mkamwana wake Fahima alikuwa mlangoni, mtoto mgongoni. Chanceline akaeleza tena, neno kwa neno, na yaya akasema, "Mama Jamali, nisamehe. Nilikuharibia jina." Machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi.

Kadidja hakumwangalia. Alimwangalia yule msichana.

"Hata kama mutu aliangalia hizo miche, na roho yake ikaona wivu?"

"Hata hivyo, mama. Ilikuwa ndani ya mbegu kabla hamujapanda."

Ungo ukamtoka mikononi, mchele ukamwagika. "Domitille," alisema, "siku ile tulipanda, niliona shamba lako limejaa, mimi niko na tatu tu, tena dhaifu. Mimi mwenyewe ndiye niliyekupa, na bado roho iliniuma. Siku moja tu, haki ya Mungu. Uliponiuliza pale penye presi nikajua ni jicho langu lililoiozesha. Ndiyo maana sikukujibu. Sikuona umenikosea. Niliona uko na haki."

Kumbe miaka yote hiyo tulidhani tunamuadhibu, na yeye alikuwa amejihukumu kabla yetu. Nililia, na mimi si mtu wa kulia.

Fahima alikuwa amewahi kulalamika kwangu sokoni kwamba mkwe wake hampendi mjukuu: anamwogesha, anamlisha, lakini macho yake yako ukutani. Nilimwambia avumilie, wazee wana mambo.

Sasa Kadidja akanyoosha mikono. "Mulete."

Fahima akamfungua mtoto mgongoni, akampa. Kadidja akasukuma mtandio nyuma, akamgeuza mtoto kwenye mwanga, akamtazama usoni.

"Mashallah," alisema. "Kumbe ana pua ya babu yake."