Watoto Wawili wa Jina Moja

Majina ya watoto wote wa laini yetu ninayo mpaka leo, nyumba kwa nyumba, kuanzia bombani hadi nyumba ya mwisho karibu na majani ya chai. Ukiniamsha usingizini nitakutajia. Lakini hapa sitaandika hata moja, kwa sababu kuna moja ambalo mkono wangu hautaki kuliandika. Nikiandika mengine nikaliacha hilo peke yake, nitakuwa nimemwacha yule mtoto nje tena.

Nimeanza kuandika kwa sababu ya mke wa mwanangu. Asubuhi basi dogo la shule linasimama langoni, mwanamke mwenye koti la kijani anawafungulia wajukuu mlango, na mama yao anabaki na simu mkononi mpaka ajue wamefika. Siku moja nikamwambia kwamba sisi tulikuwa tunaenda kazini kabla watoto hawajaamka. Akaniangalia.

"Kwa hivyo, Kogo, nyinyi mlikuwa mnawaachilia tu?"

Kogo ni bibi kwa lugha yetu, na hakusema kwa ubaya. Lakini hilo neno, kuachilia, limekaa na mimi.

Miaka ile ya kwanza ya uhuru, mimi na mume wangu tulikuwa kwenye shamba la chai upande wa Kericho. Nilizaliwa kule Sigor, kwa watu wa ng'ombe, na chai niliiona mara ya kwanza nikiwa nimeshaolewa. Mume alifanya kazi kiwandani, mimi nilichuma majani. Laini ni zile nyumba za wafanyakazi zilizopangwa bega kwa bega, ukuta mmoja wa watu wawili, jirani akikohoa wewe unaamka. Ukuta wangu ulikuwa wangu na mama mmoja Mkisii. Alifika akiwa na mimba ya kwanza, na mimi nikiwa na mtoto wangu wa kwanza mgongoni.

Uchungu ulimshika jioni, wanaume wakiwa shifti. Mimi na bibi mmoja wa nyumba ya pembeni ndio tuliompokea mtoto. Kwetu Wakipsigis mtoto hupewa jina la saa aliyokuja. Huyu alikuja saa ile mbuzi wanarudi nyumbani, sawa kabisa na wangu. Nikamwambia mama yake jina nikicheka, kwamba sasa tunao wawili. Angeweza kukataa, kwa maana kwao kuna majina ya mababu, na alimpa hilo pia. Lakini kwenye laini, jina nililompa mimi ndilo lililoshika.

Ndivyo tulivyopata watoto wawili wa jina moja. Na kwa sababu mwanamke huitwa kwa mtoto wake wa kwanza, sisi mama zao pia tukawa jina moja. Mtu akisimama bombani akamwita Mama Fulani, milango miwili inafunguka. "Yupi?" tunauliza pamoja, na laini yote inacheka. Yeye akaanza kuniita wajina. Nami nikamwita wajina.

Shule ilikuwa nje ya shamba, shule ya kanisa, ng'ambo ya kijito, juu kwenye kilima chenye miti ya blugamu. Sisi kabla jua halijatoka tulikuwa tumesimama mbele ya nyapara, yule msimamizi wetu, anaita namba. Watoto waliamka wenyewe, wakanywa uji uliofunikwa kwa sahani, na msichana mkubwa wa nyumba ya mwisho akawakusanya kwa fimbo kama anapeleka mbuzi. Walipita katikati ya chai, umande ukiwaloanisha mpaka kiunoni. Siku za mvua kila mmoja alivaa gunia, kona moja imeingizwa ndani ya nyingine likawa kofia na koti.

Mwaka watoto wetu wawili walipoanza shule, mimi ndiye niliyekuwa mwoga. Niliogopa kijito, kwa sababu daraja lilikuwa magogo mawili yaliyofungwa kwa waya. Niliogopa trekta na malori ya majani, kwa sababu watoto walining'inia nyuma. Nikamwomba nyapara ruhusa niwe ninawafikisha kijitoni.

"Mama, wewe umeandikwa kuchuma au kusoma?" akaniuliza, na watu wote kwenye foleni wakacheka.

Basi nikawa ninamwamsha wangu kabla ya wenzake wote, ninamshika mkono mpaka kijitoni, ninamvusha, ninamwacha ng'ambo angoje wengine, halafu ninarudi mbio niwahi kuitwa. Mwenzangu alinitazama siku chache bila neno. Halafu akashindwa.

"Wajina, unamtoa mtoto kwenye nyumba yenye mlango, unaenda kumweka porini angoje watoto ambao bado wamelala kwao. Huko ndiko kulinda?"

"Na kari ikimgonga?"

"Kari ni nini?"

Hapo alinishika. Sisi Wakipsigis ulimi wetu hauoni tofauti ya gari na kari.

"Ukimwambia mtoto achunge kari," akasema, "atachunga nini?"

"Atachunga ile wewe unaita rori," nikamrudishia, maana kwao lori hugeuka rori.

Watoto wetu walikuwa wanajiangusha chini kwa kicheko. Walisema shuleni mwalimu ana gari na lori, lakini nyumbani kuna kari na rori.

Yeye aliwalea watoto kwa namna yake. Alisema kwao kwenye milima mtoto wa umri ule anatumwa sokoni na anarudi na chumvi. Alimwamini wake, na yule mtoto alikuwa wa kuaminika, mfupi, mwenye maneno mengi, anajua kila mbwa wa njiani. Wangu alikuwa mrefu na mkimya. Mwisho si yeye aliyenishinda, ni mtoto mwenyewe.

"Mama, usinipeleke tena," akaniambia siku moja. "Wananiita ndama."

Nikaacha. Nilimpa masharti: washikane mikono kwenye magogo, trekta ikija wasimame ndani ya chai mpaka ipite, wasipande nyuma ya lori hata dereva akiwaita. Niliwaambia wote wawili pamoja, wamesimama mbele yangu na magunia yao. Yote niliyoyaogopa yalikuwa chini, kwenye udongo.

Siku ile ilianza kwa jua zuri. Mchana wingu likatoka upande wa msitu, jeusi lenye ukingo mweupe, na sisi wachumaji tukalijua. Ni wingu la mvua ya mawe. Tulikimbilia banda la kupimia majani, tukabanana humo na vikapu vyetu, mawe yakipiga mabati hata huwezi kumsikia aliye karibu nawe. Radi ilipiga mahali, ardhi ikatikisika. Mtu mmoja akasema imepiga mbali. Mwenzangu alikuwa ananibandua jani kwenye shingo, akasema watoto wadogo wametoka shule, lakini wana akili, watakuwa wamejificha.

Mvua ilipokwisha tulirudi kwenye chai. Majani yalikuwa yamechanika kama yametafunwa, na shamba zima lilinuka majani mabichi.

Kwenye chai watu hupokezana maneno. Mlinzi wa geti akiwa na habari hapandi kilima. Anampigia kelele mtu wa karibu, huyo anampigia wa mbele yake, mpaka neno linamfikia mwenyewe upande mwingine. Tuliitiwa wageni hivyo, na misiba pia tuliipata hivyo. Siku ile nililiona neno likija kabla sijalisikia, kwa sababu kila aliyelipokea aligeuka akatuangalia sisi.

Lilipotufikia lilikuwa jina na radi, basi.

"Yupi?" tukauliza wote wawili.

Mwanamke aliyetuletea neno akageuka akarudisha swali nyuma, na nikalisikia likishuka kilima mdomo kwa mdomo kuelekea geti, yupi, yupi, yupi. Hatukungoja jibu. Tuliacha vikapu tukakimbia.

Ile njia niliyoikimbia kila asubuhi kurudi kwa nyapara, sasa niliikimbia kwenda. Tulikuwa tunateleza kwenye mawe ya barafu, akianguka mmoja mwingine anamwinua. Kila hatua niliomba asiwe wangu, na nilijua ninaomba nini. Na yeye, hapo kando yangu, alikuwa anaomba kitu kile kile. Hatujawahi kulisema.

Walikuwa chini ya blugamu, hapo watoto walipokimbilia kujikinga. Mwalimu alikuwa amepiga magoti, kijana tu, na yule msichana mkubwa amesimama na fimbo yake bado mkononi. Wangu alikuwa amekaa kwenye mzizi, gunia kichwani, ananiangalia kama mtu asiyenijua. Aliyelala ni wa mwenzangu.

Hakupiga kelele. Alichuchumaa, akashika shati la mtoto kwa vidole viwili kama mtu anayepima kitambaa.

"Ameloa," akasema. "Huyu mtoto ameloa. Mpeni nguo kavu."

Mwalimu akavua koti lake.

Lori la majani ndilo lililotubeba mpaka kwao Kisii, na huko mtoto akazikwa, pembeni ya migomba. Nilirudi, mwenzangu akabaki na watu wake. Alipokuja tena laini, mvua zile zilikuwa zimekwisha.

Sasa nieleze jinsi tulivyoishi. Jioni ya kwanza nilitoka mlangoni kumwita mtoto aje ale, nikafungua mdomo, nikakumbuka ukuta ni mmoja. Nikafunga mdomo. Kuanzia siku hiyo nilimwita mwanangu kwa kupiga makofi. Watu nao wakaanza kuniita kwa jina la mtoto wangu wa pili, msichana, bila mtu kuwaambia. Lakini mwenzangu hakuwa na mtoto wa pili. Watu waliokutana naye bombani walisema "Mama," wakanyamaza hapo, kama mtu aliyekanyaga mahali pasipo na ngazi.

Na mwanangu sikumrudisha shule. Nilisema ni sikio, maana la kushoto lilikuwa halisikii tangu siku ile. Nilikwenda naye kwenye majani, nikamkalisha mwisho wa mstari mahali ninapomwona. Nyapara alimwona pia, akageuza uso. Mwalimu akatuma salamu mara mbili. Mume wangu alisema nitamlea mtoto awe kikapu, nimbebe mgongoni mpaka azeeke. Muhula ukaisha, mwingine ukafunguliwa, na wenzake wakaenda darasa la mbele.

Jioni moja nilikuwa naosha sufuria nje. Mwenzangu akaja akakaa kwenye kizingiti changu, kitu ambacho hakuwa amefanya tangu arudi.

"Wajina," akasema. "Kila jioni nasikia unapiga makofi. Una kuku wangapi?"

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Nikaendelea kusugua sufuria.

"Mbona humwiti?"

"Unajua."

"Sijui. Niambie."

"Utasikia," nikasema.

Alinyoosha miguu yake. Halafu akasema, "Hilo jina nilipewa na wewe. Ulilitoa kwa mdomo wako, mikono yako ikiwa na damu yangu. Mtoto ameenda, na sasa jina pia umelificha. Kwenye hii laini hakuna mtu analitaja. Ni kama sikuzaa."

Nikaweka sufuria chini.

"Na shule?"

"Haendi."

"Kwa sababu ya sikio?"

"Kwa sababu ya mimi."

"Mimi wangu nilimwacha atembee," akasema, na sauti yake haikupanda. "Wako ulimshika mkono mpaka akakukataza. Wote wawili walikuwa chini ya mti mmoja. Sasa mimi nimelala usiku nikitafuta ni wapi nilikosea, na nawe umemfunga huyu mwisho wa mstari kama unajua. Kama unajua, niambie, wajina. Kama hujui, mwachilie aende."

Neno lile lile la mke wa mwanangu. Mara ya kwanza nilipolisikia, lilitoka kwa mama aliyefiwa.

Nilimwambia siwezi. Akasimama akapangusa nguo.

"Kesho mimi ni zamu ya jioni, kule kwenye kitalu cha miche," akasema. "Asubuhi niko nyumbani. Nitampitia."

Asubuhi sikwenda kwa nyapara. Ndiyo siku pekee niliyokosa kazi bila ugonjwa. Nilimvalisha mtoto gunia ingawa hapakuwa na wingu, nikakaa naye ndani, mlango umefungwa. Nikasikia mlango wa jirani ukifunguliwa, nikasikia miguu yake ikisimama nje. Halafu akaita.

Aliita kwa nguvu, vile alivyokuwa akiita zamani, ile sauti ndefu ya kumtafuta mtoto aliye mbali. Laini nzima ilinyamaza. Hata bombani walifunga maji.

Mwanangu hakuitika. Aliinua uso akaniangalia.

"Anamwita yule mwingine," akaniambia polepole.

Akaita mara ya pili. Ukuta ulikuwa mwembamba na alikuwa karibu, na mimi nikasikia jinsi jina lilivyovunjika mwishoni. Mtoto bado alikuwa ananiangalia, anangoja nimwambie huyo ni nani anayeitwa.

"Itika," nikamwambia.

"Lakini si mimi."

"Ni wewe. Itika, mama anakuita."

Akaitika. Nikafungua mlango.