Mhariri wa picha anayepigania wekundu wa nyama ya Kiamaiko

Saa moja asubuhi, Nthoki Ndete anaweka ini la mbuzi kwenye sahani nyeupe, kando ya tarakilishi yake. Anatazama ini, anatazama kioo, kisha anazipanga simu tatu mezani. Zote zina picha ya ini hilo hilo.

"Zikikubaliana na sahani, ndipo napumua," asema.

Nthoki, 28, huhariri picha katika bucha ya Bile, mchinjaji wa Kiamaiko, Nairobi. Kila asubuhi Bile huwatumia wenye hoteli picha za nyama kwa WhatsApp, nao huagiza kabla ya saa tatu. Mteja hagusi wala hanusi. Anaamini rangi.

Rangi hiyo nusura imponze Nthoki. Wiki mbili zilizopita, picha zilizopendeza kwenye tarakilishi ziliwafikia wateja zikiwa zimefifia, nyama ina rangi ya majivu. Lorraine Githinji, mwenye hoteli mtaani Lucky Summer aliyekuwa akichukua mbuzi watatu kwa wiki, alijibu kwa neno moja: "Imelala," yaani ni nyama ya jana. Akahamia kwa mchinjaji mwingine.

"Nilimwambia Nthoki, dada, mimi nachinja saa kumi na moja, saa mbili wewe umeshaizeesha nyama yangu," akumbuka Bile.

Alimpa Nthoki hadi leo amrudishe mteja huyo, la sivyo atafute kazi kwingine. Ni kazi inayompa Sh1,200 kwa siku, na ndiyo inayolipa chumba chake Kayole.

Mwanzoni Nthoki alikosea dawa. Aliongeza wekundu.

"Nilizidisha hadi Bile akaniuliza kama tunauza nyama ama lipstiki," asema akicheka.

Baada ya siku nne za kujaribu, aligundua kwamba picha haikuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa katika kuihifadhi. Programu yake ilitumia mpango mpana wa rangi ambao simu nyingi haziusomi. Picha ikipita WhatsApp, maelezo ya mpango huo hupotea, na simu hubaki kukisia.

Sasa, kabla ya kuhifadhi, huigeuza picha iwe katika mpango uitwao sRGB, ambao karibu kila simu huuelewa. Kisha hujitumia na kuikagua kwenye simu tatu. Moja ni kuukuu, ina ufa kiooni.

"Hii ndiyo hakimu. Ikipita hapa, imepita kwa mteja."

Bile anachungulia begani pake. "Ongeza kidogo tu, dada. Kidogo."

"Siongezi. Akiipokea ikiwa tofauti, utamrudisha wewe?"

Bile anarudi kunoa kisu ambacho tayari kina makali.

Saa mbili kasorobo, picha inatumwa kwa Lorraine. Jibu linakuja baada ya dakika kumi: "Hii ni ya leo kweli?" Bile anaapa kuwa ni ya leo. "Leteni mmoja kwanza nimwone."

Bodaboda anaondoka na mbuzi huyo. Nthoki anaendelea na picha za mbavu, ingawa mara mbili anafungua faili isiyohusika. Saa nne na robo, simu ya Bile inalia. Anaweka sauti ya Lorraine juu ili wote wasikie.

"Iko vile niliiona kwa simu. Jumatatu nileteeni wawili."

Bile anamtazama mhariri wake. "Haya, kaa sasa. Ulikuwa umeketi kama mtu wa kuhama."

Nthoki hana mpango wa kukaa hapo pekee. Wachinjaji wawili jirani wameshamuuliza kama anaweza kuwafanyia kazi, naye anatumaini kufikisha watano kabla ya Desemba, msimu wa sherehe, na kukodi kibanda chake karibu na soko.

Bile hampingi, ila ana sharti. "Aende popote. Lakini saa moja asubuhi ni yangu."

"Saa moja," ajibu Nthoki, "ni ya atakayechinja kwanza."