Nililegeza nati za propela, lawama akaibeba Mutinda

Admin, jina langu ulifiche kabisa, maana hata mke wangu anafuata hii page.

Mimi ni mzee wa miaka sitini na mbili, nakaa Kware. Miaka ya tisini nilikuwa fundi katika gereji moja mtaa wa Baba Dogo, Nairobi, kazi yetu kuinua magari ya safari yapite kwenye matope. Ukiinua gari kwa springi ndefu, propela, ile shafti inayozungusha magurudumu ya nyuma, inakaa mshazari na gari linatetemeka vibaya. Gari moja la watalii lilinishinda wiki mbili nzima. Mwenzangu Mutinda, mtu mpole mpaka anaudhi, akashusha giaboksi kidogo, akarefusha propela, gari likatulia. Bosi alinicheka mbele ya watu wote: "Wewe rudi uoshe gari, fundi ni huyu hapa." Papo hapo akamfanya fundi mkuu, cheo nilichokuwa nimekingoja miaka sita.

Wivu uliniwasha kama upupu. Sasa, Mutinda alikuwa na desturi yake: akishakaza nati, anachukua rangi ya kucha ya mkewe na kuchora mstari mwekundu kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma. Mstari ukikatika, ujue nati imezunguka. Gereji nzima tuliuamini mstari huo kuliko spana. Saa ya chakula, wenzangu wakila githeri, niliingia chini ya lile gari nikalegeza nati nne za propela upande wa mbele, kila moja mizunguko miwili kamili, mstari ukakutana palepale. Mutinda alipolikagua kabla ya kulitoa, alitazama rangi tu, akaridhika. Nilitaka gari lirudi likigonga, aaibike. Ndivyo nimekuwa nikijiambia miaka yote hii.

Gari likiwa safarini, propela ilichomoka upande wa mbele, ikajikita barabarani, gari likabingirika. Dereva, Wafula wa Pumwani, akakatwa mguu. Bosi alimbebesha Mutinda ile propela iliyopinda na kumtembeza hadi getini, mafundi tukigonga mabati na kumzomea. Mimi nilizomea kuliko wote. Alikuwa akilia, "Ni mkono wangu, labda sikukaza." Hakushika spana tena maisha yake. Akawa mlinzi, mkewe akaenda zake. Cheo nikapewa mimi, na usingizi sikukosa hata siku moja.

Mutinda hajawahi kunishuku. Kila Krismasi humpelekea Wafula unga na sukari. Wafula hupokea, lakini salamu haitikii.

Wiki jana Mutinda alikuja kwangu amekonda, amebaki mifupa. Daktari amemwambia arudi nyumbani akapumzike, na sote tunajua maana yake.

"Ndugu yangu," akaniambia, "Wafula amekubali tuongee. Ameniuliza kitu kimoja tu: ni kusahau ama ni makusudi? Kama ni kusahau, ananisamehe. Kama ni makusudi, hasamehi mtu hadi kaburini. Nimemwambia wewe ulikuwepo, utamwambia ukweli. Utakuja, si ndio?"

Nikamjibu, "Usijali, nitakuja."

Tunaenda Pumwani Jumamosi. Nikisema alisahau, Mutinda atasamehewa kosa ambalo si lake, na atakufa akiamini alimlemaza mtu. Nikisema ukweli, atakufa akijua ni mimi niliyemharibia maisha, na uzeeni nitazomewa na watoto wangu mwenyewe. Sitawadanganya, moyo wangu umeegemea hilo la kwanza. Ni rahisi, na yeye mwenyewe analitaka.

Lakini jana amenipigia simu kunishukuru mapema. Amesema Mungu hakumnyima kila kitu, alimwachia rafiki mmoja.

Nishaurini jamani, nifanyeje? Matusi wekeni mkipenda, lakini jibu nalihitaji kabla ya Jumamosi.